Kile Unachokiita Kioo cha Mita

MUULIZE FUNDI

Mwezi huu mhariri amenipa barua nne zinazozunguka jambo moja: plastiki angavu ya gari, ile inayopitisha mwanga, imekwaruzika, itang'aaje tena? Sijui ni vumbi la kiangazi au watu wamepata nafasi ya kuyaangalia magari yao. Zote nimezijibu hapa. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, na huyo dada atanisamehe kama nitaingiza na mambo ya ukoo wangu.

*

*Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Kimara. Nina Toyota Premio niliyoinunua mwaka juzi kwa mtu. Kioo cha mita kina vimikwaruzo vingi vidogo vidogo, vya kuzunguka zunguka. Asubuhi sivioni kabisa. Tatizo ni siku ninazoingia zamu ya usiku. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu jioni kwenda mjini, jua liko nyuma yangu, linapiga mle ndani na mita yote inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Sioni mshale. Wiki tatu zilizopita nilipigwa tochi nikiwa na 63 kwenye 50, nikaandikiwa elfu thelathini, na nilipomweleza askari kwamba mshale siuoni alicheka. Kijana anayeniosheaga gari ameniambia nipake dawa ya meno. Shemeji yangu anasema thina kidogo kwenye pamba inamaliza kazi. Nimsikilize nani?*

*Muuguzi, Kimara, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na shemeji: mwambie thina ibaki kwa mafundi rangi.

Hilo nimelijua kwa pesa yangu mwenyewe. Mwaka 2006, nikiwa nimeshikilia kona ya ukuta pale Gerezani, mzee mmoja aliniletea Crown safi imetoka bandarini. Pembeni ya kioo cha mita kulikuwa na gundi ya stika ya Kijapani, imeganda. Nikachovya pamba kwenye thina, nikapitisha mara moja tu. Gundi ikatoka yote. Nikajisifu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kioo kilikuwa na nyufa ndogo ndogo kwa ndani, kama tope la bwawa lililokauka, na ukisogeza kichwa zinameremeta kama magamba ya samaki. Nikazunguka siku mbili kwenye spea za mtumba Ilala mpaka nikapata mita nyingine. Yule mzee hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tunaita kioo, lakini si kioo. Kwenye magari mengi ni plastiki ya akriliki. Ukiwahi kukifungua, ukakigeuza, mara nyingi utakuta kwa nyuma pembeni kumechapwa herufi PMMA, ndiyo hiyo. Wakati mwingine utakuta PC, hiyo ni polikaboneti, ndugu yake: haipasuki ovyo, lakini inakwaruzika upesi zaidi. Plastiki hizi zinapomiminwa kwenye kalibu kiwandani hupoa zikiwa zimejivuta kwa ndani, hasa kwenye kona na matundu ya skrubu. Kwa macho huoni kitu. Thina, petroli, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, vikigusa pale, ule mvuto unapata pa kutokea na plastiki inachanika. Spiriti nayo imo kwenye orodha, na ninyi wauguzi nawajua, spiriti haikosi kwenye pochi. Isiguse mle. Hata dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, ile inayokukaba puani, achana nayo. Gundi ya stika inatoka kwa mafuta ya kula: paka, subiri dakika kumi, futa, kisha osha kwa maji ya sabuni.

Sasa kijana wa kuosha gari. Huyo hakukudanganya.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi saa. Alikuwa na kimeza chenye vioo pale Barabara ya Msimbazi, Kariakoo, na mimi nikiwa darasa la sita nilikuwa nashinda naye wakati wa likizo. Saa za zamani, zile za kujaza ufunguo kila asubuhi, kioo chake kilikuwa akriliki iliyobinuka. Mtu akileta saa iliyochakaa uso, ba'mdogo anakata kipande cha shati kuukuu la pamba, anatia dawa ya meno nyeupe ukubwa wa punje ya mtama, anaanza kusugua huku anampigia mteja soga za Simba na Yanga. Soga ikiisha, kioo kimeng'aa. Wateja waliamini ana dawa ya siri, na mimi nilikatazwa kutamka neno Colgate mbele ya watu.

Kwa hiyo dawa ya meno inafanya kazi. Ninachokikataa ni bahati nasibu yake. Imetengenezwa kusugua jino, na gamba la jino ni gumu kuliko akriliki. Chembe za ndani yake hazilingani: zile zinazojinadi kwa kufanya meno meupe huwa kali zaidi, na nyingine za jeli utasugua mpaka Isha hakuna kinachobadilika. Halafu kioo cha saa ni kidogo kama sarafu, kimebinuka, ukikosea kidogo hakuna atakayeona, na ba'mdogo alikuwa na boksi zima la vioo vya akiba chini ya meza. Wewe una kioo kimoja, kipana kama sinia, na mjini ukiulizia kioo peke yake wanakuuzia mita nzima. Ukikwama Kibaigwa huna kingine, tumia dawa ya meno nyeupe ya kawaida, jaribu kwanza kwenye kona. Ukiwa Dar huna sababu.

Kabla hatujafika kwenye dawa yenyewe, nikuombe kitu. Leo usiku, gari likiwa limezimwa, washa tochi ya simu, ielekeze kwenye kioo cha mita kwa ubavu, halafu isogeze taratibu. Utaona ile miduara unayoilalamikia inaifuata tochi. Tochi ikienda kulia, miduara inaenda kulia. Maana yake hakuna aliyekwaruza kwa kuzungusha. Mikwaruzo imekwenda kila upande, ila mwanga unakuonyesha ile tu iliyoukingama, kwa hiyo siku zote inaonekana kama imelizunguka jua. Kila mkwaruzo ni kama mtaro mdogo wenye kingo. Mwanga ukipiga uso tambarare unapita, unakwenda kwenye mishale na namba. Ukipiga ukingo wa mtaro unatawanyika, mwingine unarudi machoni kwako. Mitaro elfu moja kwa pamoja ndiyo maziwa yako ya saa kumi na moja na nusu.

Kazi ya kung'arisha ni kuzishusha kingo mpaka mtaro uishe. Unakula plastiki. Kidogo mno, lakini unakula, ndiyo maana tunaanza na kilicho laini kuliko vyote na kuishia pale panapotosha.

Na mara nyingi panapotosha ni kwenye maji.

Sikutanii. Magari yanayoletwa kwangu kwa mikwaruzo, mengi nusu ya tatizo ni utando. Wauza magari na waosha magari wana yale mafuta ya kung'arishia dashibodi; wanapuliza, yanaruka mpaka kwenye kioo cha mita, vumbi linanasa juu yake, jua linakaanga. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unausambaza tu, na vumbi lililomo ndani yake ndilo linalochora. Vumbi letu lina mchanga, na chembe nyingi za mchanga ni kwatzi, aina ya jiwe gumu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ni 7, kioo cha dirisha kama 5 na nusu, akriliki haifiki hata 4. Yule kijana akipita na taulo lake lililotoka kwenye milango, hapo ndipo mikwaruzo yako ilipozaliwa.

Wewe ni muuguzi, kidonda chenye mchanga hukisugui kwa pamba kavu. Unakimwagia maji kwanza. Hapa ni hivyo hivyo, ila maji usiyamwage, chini yake kuna umeme. Chukua brashi mpya ya rangi yenye manyoya laini, pangusa vumbi kwenye kona na kwenye ule mfereji unaokizunguka kioo. Chukua nusu lita ya maji vuguvugu, tia matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chovya kitambaa cha maikrofaiba, kikamue kisidondoke, kilaze juu ya kioo, kiache dakika mbili kilegeze uchafu. Kisha kivute kuelekea kwako kwa mstari mmoja, geuza upande safi, vuta tena. Usizungushe. Rudia kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, malizia kwa kikavu kwa kugusa gusa. Halafu subiri siku ya zamu ya usiku, uangalie jua likiwa pale pale nyuma yako. Nimeshawarudisha nyumbani watu watatu mwaka huu kwa kazi hii tu, na sikuwatoza kitu zaidi ya soda.

Kama maziwa bado yapo, pitisha ukucha wa kidole cha shahada juu ya mkwaruzo unaokukera. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo ni mwepesi na unatoka kwa mkono. Ukucha ukinasa, hiyo ni kazi nyingine, nitaifikia.

Angalia pia kama kioo chako kinaakisi kama kioo cha kujitazamia au kina ufifi wa makusudi. Baadhi ya magari huwekwa ngozi nyembamba ya kupunguza mng'ao. Ukiona sura yako inarudi imefifia, kama kwenye karatasi ya nailoni, usisugue. Hutakwangua mkwaruzo tu, utakwangua na ngozi, na utabaki na doa linalong'aa katikati ya ufifi, halirudi tena.

Premio yako kwa umri wake nadhani ni akriliki tupu. Basi tafuta polishi iliyoandikwa ni ya plastiki angavu. Kwenye maduka ya vipambo vya magari zipo. PlastX ya Meguiar's nimeitumia miaka mingi. Ipo nyingine ya Marekani inayoitwa Novus, yenye chupa za namba: 1 ni ya kusafishia tu, 2 ya mikwaruzo myepesi, 3 ya mikubwa. Wewe unahitaji namba 2. Kompaundi ya mafundi rangi usikubali hata wakikupa bure. Ile imetengenezwa kukata rangi ya bodi.

Egesha kivulini, gari lipoe. Hili watu wanalipuuza. Gari likiwa limechemka juani polishi inakauka kabla haijafanya kazi, na unabaki unasugua poda kavu. Ziba ukingo wa dashibodi kwa ule mkanda wa karatasi wa mafundi rangi, maana polishi nyeupe ikiingia kwenye vinyweleo vya plastiki nyeusi utaitoa kwa mswaki jioni nzima. Weka tone ukubwa wa harage kwenye maikrofaiba, si kwenye kioo. Fanya eneo dogo, upana wa vidole vinne. Nenda mbele na nyuma kwa mistari mifupi kama dakika moja, kisha kata mistari hiyo kwa kulia na kushoto. Nguvu itoke kwenye vidole, bega lipumzike. Ukiona polishi imekuwa nyembamba, inakaribia kupotea, simama, futa kwa upande safi, tazama kwa tochi. Rudia. Raundi ya kwanza utadhani nimekudanganya. Ya pili mikwaruzo inakonda. Kwangu huwa inafika nne, mara chache tano, kisha nahamia eneo jingine nikipanda kidogo juu ya lile la kwanza ili pasiwe na mpaka.

Usifunge brashi ya sponji kwenye drili. Najua umeona mtu akifanya kwenye simu. Akriliki huanza kulegea karibu na nyuzi 100, na drili ikishikwa pale pale sekunde chache tu inafika. Utaona pamekuwa na ukungu, kisha pamevutika kama sukari guru. Hapo hata mimi sina la kukusaidia.

Sasa wale ambao ukucha umenasa. Hapo unahitaji msasa wa maji, na hapo sharti kioo kitoke kwenye gari. Unaanza na namba 2000, unauloweka robo saa kwenye maji yenye tone la sabuni, unasugua upande mmoja mpaka uso wote uwe na ufifi wa aina moja. Kisha 2500 kwa upande unaokingamana na wa kwanza, mpaka mistari ya 2000 iishe yote, kisha 3000. Kioo kitakuwa cheupe kama barafu na moyo utakuruka. Ndipo polishi namba 3, ndipo namba 2. Karatasi zenyewe si ghali. Ugumu uko kwenye mkono: ukisugua pale penye mkwaruzo tu unachimba bonde, na bonde kwenye plastiki angavu ni lenzi. Mshale utaonekana umepinda ukifika 80. Nimewahi kuona kioo cha namna hiyo, mwenyewe alidhani mita imekufa.

Kukitoa kioo ni skrubu chache na vishikizo vya plastiki vinavyovunjika kwa hasira. Kama hujawahi, mpe anayejua. Akianza, hakikisha amechomoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika chache kabla ya kugusa chochote karibu na usukani, kwa sababu ya eabagi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Na kioo kikishatoka, asiguse mishale wala ule uso mweusi wenye namba. Alama ya kidole pale haifutiki. Ukiifuta inageuka doa linalong'aa.

Kwa maelezo yako, mwanangu, hutafika huko. Ni maji ya sabuni na polishi, Jumamosi moja. Elfu thelathini ya askari ingekununulia chupa, lakini hayo yameshapita. Kisha nunua maikrofaiba mbili, andika kwa kalamu ya wino «MITA» kwenye zote, zikae kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo ya gari, na yule kijana mwambie ndani ya gari asiguse kioo cha mita hata kwa nia njema.

*

*Hujambo fundi. Niko Mikindani, Mombasa. Nina Probox ya kubeba mzigo na dereva wangu. Nimeweka redio ya skrini, ile ya kugusa, sasa imejaa mikwaruzo kwa sababu dereva anaibonyeza kwa funguo. Nimesikia kuna polishi ya plastiki. Nikiipaka itarudi?*

*Mwenye Probox, Mikindani*

Sijambo ndugu yangu. Usipake. Jaribu hivi kwanza: bonyeza kwa ncha ya ukucha bila nyama ya kidole kugusa. Ikiitika, mara nyingi hiyo ni skrini ya shinikizo, juu yake kuna utando laini wa plastiki unaobonyea. Ukiusugua unaulegeza, na baada ya wiki skrini inaanza kufungua ramani wewe ukitaka kuongeza sauti. Ikikataa ukucha na kutaka nyama ya kidole, huenda juu ni kioo chenyewe, na polishi ya plastiki haitakifanya lolote zaidi ya kuila ile ngozi ya mafuta inayozuia alama za vidole.

Kata protekta ya tableti kwa kipimo, bandika. Protekta nyingi zina gundi inayojaza mikwaruzo myembamba, na usiku haitaonekana. Kwa mafundi simu hapo Mombasa watakukatia ukisubiri. Halafu huyo dereva, ongea naye. Mtu anayebonyeza skrini kwa funguo, mimi ningeenda kuangalia na swichi ya kuwashia.

*

*Fundi, asante kwa kazi nzuri. Nina swali fupi. Taa za mbele za Noah yangu zimekuwa za njano na zina mikwaruzo. Je, njia ya kioo cha mita inafaa na kwenye taa?*

*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, inafaa nusu. Taa za mbele ni polikaboneti, na kiwandani hupakwa ngozi ngumu ya kuikinga na jua. Unjano unaouona ni ngozi hiyo imechoka na plastiki chini yake imeanza kuungua. Ukipiga msasa, 1000 kisha 2000 kisha 3000, na polishi, taa itarudi nyeupe na utafurahi sana. Lakini umeondoa kinga. Baada ya miezi kadhaa itarudi njano, na mara hii upesi kuliko mwanzo. Kwa hiyo ukipiga msasa lazima umalizie kwa kupaka kinga mpya, ile klia ya taa yenye kuzuia miale ya jua, siku hiyo hiyo, taa ikiwa imekauka na haina vumbi. Usiipake nje upepo wa Mindu ukivuma.

Wanaokufanyia kwa dakika kumi pale kwenye foleni kwa kitambaa na kichupa, wanapaka mafuta. Mvua ya kwanza inayaondoa.

*

*Shikamoo fundi. Nilisoma ulichowahi kuandika kuhusu kung'arisha kioo cha mita, nikafanya mwenyewe Jumapili, kimetoka vizuri mno. Shida ni kwamba tangu nimalize, mshale wa spidi umeganda kwenye 20 hata gari likiwa limezimwa. Nikigonga unacheza kidogo unarudi pale pale. Nimeharibu mita?*

*Kijana mwenye Vitz, Dodoma*

Marahaba. Hujaharibu kitu. Ulimalizia kwa kitambaa kikavu, ukasugua sana kwa sababu ulikuwa unafurahia matokeo. Sivyo?

Plastiki ikisuguliwa kavu inajaa umeme tuli, kama shuka la nailoni linavyolia ukilivua gizani. Mshale ni mwepesi kuliko unavyodhani, na kioo kiko karibu nao sana. Umeme ule unauvuta. Huku Pwani hatuoni jambo hilo mara nyingi kwa sababu hewa yetu ina maji na umeme unavuja wenyewe. Dodoma mwezi kama huu hewa ni kavu, unakaa.

Lowesha kitambaa kwa maji yenye tone la sabuni, kamua, pitisha juu ya kioo chote mara mbili polepole na usikaushe. Acha kikauke chenyewe mlango ukiwa wazi. Mara nyingi mshale unaanguka sifuri kabla hujafika upande wa pili. Kama haujaanguka, hema juu ya kioo mara kadhaa kama unavyosafisha miwani, hapo hapo kwenye 20.

Ukishaanguka, washa gari, tembea nalo mpaka barabara ya lami, linganisha spidi na simu. Ikilingana, endelea na safari zako. Isipolingana, niandikie tena na uniambie Vitz ya mwaka gani.